Wakili Ajulikane kwa Njia Gani? Tovuti, Tangazo la Kulipia, Redio, Kliniki na Dalali

Wakili aliyeapishwa karibuni, ambaye amekodi chumba kimoja juu ya duka la dawa na kutundika kibao chake mlangoni, hukabiliwa na swali ambalo masomo ya sheria hayakumjibu: watu watajuaje kwamba yupo? Kodi ya chumba hudaiwa kila mwezi, cheti cha uwakili hulipiwa kila mwaka, na wakubwa katika kazi humwambia avumilie, kwa kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina haki yake kwa embe lililo sokoni, ambalo mnunuzi hulishika, hulinusa na kulitazama pande zote kabla ya kutoa pesa. Mjane anayetafuta hati ya usimamizi wa mirathi ya mumewe hana namna hiyo ya kumpima wakili. Huenda hajawahi kuingia katika ofisi ya wakili maishani mwake, hajui huduma hiyo hugharimu kiasi gani, na jina analolipata ni lile lililotajwa na mtu wa kwanza aliyemuuliza. Wakili mwadilifu anayejificha humwacha mjane huyo mikononi mwa asiye mwadilifu, na ndiyo maana naona kwamba kujitangaza ni sehemu ya kazi yetu, mradi njia yenyewe ichaguliwe kwa uangalifu.

Kwa miaka mingi nchini Kenya hapakuwa na cha kuchagua. Kanuni ya 2 ya Kanuni za Utendaji za Mawakili za 1966 ilipiga marufuku kujitangaza kwa jumla. Katika shauri la Okenyo Omwansa George na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2012, marehemu Jaji David Majanja aliona kwamba marufuku ya jumla ya namna hiyo haipatani na Katiba ya 2010, kwa sababu Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu, na Kifungu cha 48 kinaitaka serikali kuhakikisha kwamba kila mtu anaifikia haki. Hakusema mlango uachwe wazi kabisa. Alikubali kwamba matangazo ya mawakili yanaweza kuwekewa masharti. Mwaka 2014 zikatoka kanuni mpya kuhusu utafutaji wa soko na utangazaji wa huduma za mawakili, na anayekusudia kutumia pesa kwa tangazo lolote azisome mwenyewe badala ya kumtegemea kijana anayemchorea bango.

Kabla ya kuzipanga njia zenyewe bega kwa bega, inafaa tupate kipimo kimoja cha kuzipimia. Mimi hutumia maswali matatu: ni nani aliyemwendea mwenzake kwanza, mteja alikuwa katika hali gani wakati huo, na je, yale aliyoambiwa anaweza kuyahakikisha bila msaada wa yule aliyemwambia? Sikuyabuni maswali haya. Yamo ndani ya maamuzi mawili ya Mahakama ya Juu ya Marekani ambayo kila wakili anayefikiria kujitangaza angefaidika kuyasoma pamoja. La kwanza ni la 1977, kuhusu mawakili John Bates na Van O'Steen wa Phoenix, Arizona, waliotia tangazo gazetini Februari 1976 wakitaja bei za huduma za kawaida, kwa mfano talaka isiyo na ubishi kwa dola 175 pamoja na dola 20 za ada ya mahakama. Mahakama ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba tangazo la kweli la aina hiyo haliwezi kupigwa marufuku moja kwa moja. Mwaka mmoja tu baadaye, 1978, mahakama hiyo hiyo ilimkabili wakili wa Ohio, Ohralik, aliyemfuata hospitalini msichana wa miaka 18 aliyeumia katika ajali ya gari, akazungumza naye kitandani akiwa amefungwa vifaa vya kuvuta na kunyoosha mifupa, na hatimaye akapata sahihi yake. Huyo mahakama haikumkinga. Chama cha mawakili kilikuwa na haki ya kumwadhibu. Msomaji wa gazeti angeweza kulikunja, kulala juu ya wazo lake, na kumuuliza ndugu yake, lakini msichana aliyelazwa hakuweza hata kuinuka.

Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu aligongwa na matatu na kulazwa katika hospitali moja ya rufaa, nami nikawa nikimpelekea uji kila asubuhi. Siku ya tatu nilimkuta mtu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri ameketi upande wa miguu ya kitanda, bahasha ya kaki magotini, kidau cha wino wa muhuri kikiwa tayari kimefunguliwa juu ya kabati dogo la dawa. Alikuwa akimwambia shangazi yangu, kwa upole kabisa, "Mama, mwanao mkono hauwezi kuandika, basi tumsaidie aweke kidole hapa, fidia ianze kutafutwa mapema." Karatasi ilikuwa hati ya kumteua wakili, na nafasi ya jina la wakili ilikuwa tupu. Nilipouliza ni wakili gani, alijibu kwamba jina litajazwa ofisini. Shangazi alikuwa amekwisha kumshukuru. Hakuna tangazo la gazeti, hata liwe la kujisifu namna gani, linaloweza kumfanyia mtu jambo kama lile, na ndiyo sababu katika ulinganisho huu dalali, yaani mtu wa namna ile anayewatafutia mawakili wateja kwa malipo, hashindani na wengine kwa alama chache; amekaa upande wa pili wa mstari.

Tovuti na tangazo la kulipia

Njia hizi mbili huchanganywa kwa kuwa zote ziko kwenye intaneti, ilhali kwa kipimo chetu zinatofautiana sana. Tovuti ya wakili hukaa mahali pake kama kibao cha mlangoni: anayeifikia ameitafuta, kwa wakati wake, na anaweza kuiacha akafungua ya wakili mwingine. Udhaifu wake ni kwamba haimwendei mtu. Tovuti mpya ya ofisi ndogo inaweza kukaa miezi mingi bila kugunduliwa, na wakili aliyetegemea kwamba itamletea wateja mwezi wa kwanza atavunjika moyo. Nguvu yake huonekana pale ambapo mtu ametajiwa jina lako na jirani, kisha akataka kujua wewe ni nani kabla ya kupanda gari kuja mjini.

Tangazo la kulipia nalo lina sura mbili. Lipo lile linalojitokeza mtu anapoandika mwenyewe kwenye Google maneno kama "wakili wa mirathi Nakuru". Huyo ameuliza, na tangazo limemjibu. Lipo pia lile linalosukumwa kwa watu ambao hawakuuliza chochote, ama katika Facebook na TikTok, ama kwa ujumbe mfupi wa simu uliotumwa kwa namba zilizonunuliwa. La kwanza naliona halina tatizo likiandikwa kwa ukweli. Katika kundi la pili, tangazo la mtandaoni linalosema tu ofisi iko wapi na inafanya nini linaweza kuvumilika, lakini ujumbe wa simu kwa namba ambazo wenyewe hawakutoa idhini ni hatari, kwa kuwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia data binafsi za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Wakili aliyeapa kuitetea sheria akamatwe kwa kununua orodha ya namba za majeruhi? Florida ilikuwa na kanuni iliyowazuia mawakili kuwaandikia majeruhi na jamaa za waliokufa kabla ya siku 30 kupita tangu ajali, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali kanuni hiyo. Hata mahali palipo na uhuru mkubwa wa kujitangaza, msiba ulipewa muda wake.

Zaidi ya chombo, yapo maneno yenyewe. Hebu tuyatazame matangazo mawili ya ofisi moja ya kubuni.

La kwanza: "Mabingwa wa kesi za ajali! Hatujawahi kushindwa! Hulipi chochote mpaka ulipwe! Piga simu sasa kabla hujachelewa!"

La pili: "Ofisi yetu inashughulikia madai ya fidia kwa walioumia katika ajali za barabarani, mirathi, na mauziano ya ardhi. Madai ya kuumia yanatakiwa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, na yakiwa dhidi ya serikali, ndani ya miezi 12. Njoo na ripoti ya polisi, fomu ya P3 kama unayo, karatasi za hospitali na kitambulisho. Mashauriano ya kwanza hulipiwa, na kiasi chake utaelezwa kwa simu kabla hujasafiri."

Katika lile la kwanza hakuna sentensi inayoweza kusimama. Ubingwa hakuna aliyewatunukia. "Hatujawahi kushindwa" hupotosha hata ikiwa kweli, kwa maana kesi yangu si kesi yako, na ofisi inaweza kuwa haijashindwa kwa kuwa humaliza kila dai kwa makubaliano ya bei ya chini. "Hulipi mpaka ulipwe" ndiyo inayowanasa vijana wengi, kwa sababu wameinakili kutoka kwa mawakili wa Marekani, ambako malipo ya namna hiyo yanaruhusiwa katika madai ya majeruhi. Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda kesi. Tangazo hilo basi linamwahidi mteja mkataba ambao hauna nguvu. Na "kabla hujachelewa" inamtisha mtu bila kumwambia tarehe, ilhali lile la pili limempa tarehe yenyewe, ambayo anaweza kuihakikisha kwa wakili mwingine yeyote au katika masjala ya mahakama, hata asipokuja kwako kamwe. Hapo ndipo tangazo linapokuwa huduma.

Kuhusu bei, ule uhuru wa Bates hauwezi kuhamishwa hivi hivi. Sisi tuna Agizo la Malipo ya Mawakili linaloweka viwango, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinakataza kujinadi kuwa utafanya kazi kwa chini ya viwango hivyo. Kwa hiyo "nusu bei mwezi huu" haifai, bali kueleza kwa lugha ya kawaida kwamba ada inakadiriwaje, gharama za mahakama ni zipi na zipi ni za wakili, ni jambo ambalo wateja hulitamani na mawakili hulikwepa bila sababu ya maana.

Sifa kutoka kwa wateja zahitaji tahadhari yake. Picha ya mteja ameshika hundi ya fidia mbele ya jengo la mahakama huvutia macho, lakini siri za mteja zinalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, na ridhaa inayotolewa kwa furaha ya siku ya malipo si ridhaa iliyofikiriwa. Nimeona wateja waliojuta, kwani kila jamaa mwenye shida ya karo alipata kujua kwamba nyumba ile ina pesa. Mimi siziweki kabisa.

Jambo moja dogo ambalo tovuti hulifanya vizuri kuliko bango lolote ni kumpa msomaji njia ya kukuhakiki. Andika jina lako kama lilivyo katika orodha ya mawakili, bila jina la utani, kisha mwelekeze msomaji kwenye huduma ya utafutaji ya Chama cha Mawakili cha Kenya ili aone kama una cheti cha mwaka huu. Kwa wenzetu wa Tanzania, Mahakama ina mfumo wa eWakili unaofanya kazi hiyo. Huko kanuni za maadili ya mawakili za 2018 ndizo za kusomwa kabla ya tangazo lolote, wala asitokee mtu kudhani kwamba kilichoamuliwa Nairobi kinamfunika akiwa Mwanza.

Redio na kliniki za ushauri

Kipindi cha elimu ya sheria redioni huwafikia watu ambao tovuti haiwagusi: mama anayepepeta mahindi, kinyozi na wateja wake, dereva wa lori. Kwa kipimo chetu kina sifa nzuri, kwani msikilizaji yuko nyumbani kwake na hakuna anayemshika mkono. Kinachoamua uadilifu wake ni iwapo wakili amekuja kufundisha au kujinadi. Dakika 40 za kueleza kwamba ardhi ya marehemu haiwezi kugawanywa na wanawe wa kiume peke yao kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi zitamjenga wakili zaidi ya kutaja namba yake ya simu mara 10.

Hatari yake hutokea simu zinapofunguliwa. Mpigaji huanza kwa salamu, na kabla hujamzuia amekwisha kutaja jina la kaka yake, kijiji chao, na namba ya shamba wanalogombania, huku kaka mwenyewe pengine akisikiliza. Mtu huyo amejidhuru, nawe umepokea siri ya upande mmoja wa mgogoro ambao upande wa pili unaweza kuwa ni mteja wako. Nimejizoeza kusema mwanzoni mwa kipindi, na kurudia kila simu inapoingia, kwamba nitajibu maswali ya sheria tu na sitaki majina wala mahali. Mtangazaji akikubaliana nawe kuhusu hilo kabla ya taa nyekundu kuwaka, kazi huwa nyepesi.

Kliniki ya ushauri wa bure, iwe katika ukumbi wa kanisa, ua wa msikiti au baraza la chifu, ndiyo njia inayogharimu pesa kidogo na muda mwingi. Chama cha Mawakili cha Kenya hufanya wiki ya uhamasisho wa sheria kila mwaka, na Tanzania ina Wiki ya Sheria inayoishia kwenye Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Wakili mgeni anaweza kuanzia hapo bila kubuni chochote. Anayekuja amekuja kwa miguu yake, na shida yake kwa kawaida si ya jana usiku. Hata hivyo kuna kishawishi: mtu amekaa mbele yako, amekuamini, hajalipa kitu, na ni rahisi kutoa fomu ya kukuteua hapo hapo. Usiitoe. Mweleze hali yake kisheria, mwandikie kwenye karatasi tarehe ya mwisho ya kufungua dai, mtajie kwamba upo msaada wa kisheria wa serikali kwa asiyejiweza, kisha mwache aende nyumbani. Wengine hawatarudi. Wanaorudi huja wakijua wanachokitaka, na kesi zao huenda kwa utulivu kwa kuwa hawakuingizwa ndani yake kwa haraka.

Chaguo kwa hali yako

Ofisi changa isiyo na akiba, hasa katika mji mdogo, naishauri ianze na kliniki ya Jumamosi moja kila mwezi na tovuti ya kurasa tatu: sisi ni nani, tunafanya nini, na vipindi vya ukomo wa madai kwa lugha inayoeleweka. Miaka 3 kwa kuumia, 6 kwa mikataba, 12 kwa ardhi. Wengi hupoteza haki zao kwa kutojua namba hizi tatu. Redio iongezwe ukialikwa na ukiwa na somo la kufundisha. Ofisi yenye mawakili kadhaa mjini, ambayo wateja wake ni kampuni na wanunuzi wa nyumba, itafaidika zaidi na tangazo la kulipia la kwenye utafutaji, kwa kuwa wateja hao hutafuta kwa kuandika, hulinganisha, na hawasukumwi kwa urahisi. Anayeshughulikia majeruhi ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote, kwani wateja wake huanza safari wakiwa na maumivu. Kwake yeye tovuti yenye maelezo kamili na redio yenye mafunzo zinatosha, na tangazo la kusukumwa kwa watu wasioliomba aliache.

Linabaki la dalali, ambaye hatasubiri umchague. Ofisi ikifunguliwa tu, atakuja. Atapanda ngazi na bahasha yake, ataweka mezani majalada manne yenye alama za vidole, ataeleza kwamba wakili fulani humpa sehemu ya fidia, na atakuuliza wewe unatoa kiasi gani. Kodi ya mwezi itakuwa inadaiwa siku hiyo. Sheria ya Mawakili inakataza kugawana mapato ya uwakili na asiye wakili, na kupiga debe kwa niaba ya wakili ni kosa lenye adhabu. Wakili anayekamilisha mpango huo naye anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya nidhamu ya mawakili. Lakini zaidi ya adhabu, katika moja ya yale majalada kuna mtu ambaye hajui kwamba jina lako linakaribia kujazwa katika nafasi tupu. Usiyapokee, usiyafungue, wala usinakili namba ya simu ya mwenye jalada ili umpigie baadaye, kwa maana hapo utakuwa umeichukua kazi ya dalali mwenyewe. Mwambie ayarudishe kwa wenyewe, na umwombe awaambie kwamba wana miaka 3, na kwamba wakili wa kuwasikiliza watamchagua wenyewe watakapopona.